Vidanji ya motokari nyumbani: tulivyojifunza na tulivyokosa



Habari ilitembea mbio kuliko sisi wenyewe. Siku ya posho mchana tulikuwa Kikula, katika lupango ya papa wa mwenzetu mmoja, tukifanya vidanji ya takisi yake. Siku ya kazi moja asubuhi, hata kengele haijalia, watu walitungoja kwenye mlango wa kalasi: "Ni kweli mulimwanga mafuta yote ya motoka chini?" Ni kweli. Hatutaficha. Lakini kati ya wale waliotucheka hakuna hata mmoja aliyeweza kutueleza tulikosa wapi, na kwao wengi kuna motokari. Ndiyo sababu tumeomba nafasi katika gazeti letu tueleze kazi hii yote tangu mwanzo, pamoja na kosa letu.

Vidanji ni neno tulilopokea kwa Kifaransa. Maana yake ni kutoa mafuta ya zamani ya motere na kutia mapya, na kubadilisha filtiri yake pia. Watu wengi wanapeleka motokari garajini kwa kazi hii, na si vibaya. Lakini papa wa mwenzetu alikuwa na neno moyoni. Mara ya mwisho alilipa garaji moja mafuta na filtiri mpya, kisha alipofungua kapo nyumbani aliona filtiri ni ileile ya zamani, imepanguswa tu na kitambaa. Akasema heri afanye mwenyewe, macho yake yaone. Sisi watano tukaomba tumsaidie. Alitutazama kwanza mmoja mmoja, akasema: "Batoto, hii motoka njo inalipaka minervali yenu. Ikikufa, tutalipa na nini?" Hakuwa akicheza. Takisi ile inasomesha watoto watatu, na wawili wako hapa shuleni kwetu.

Mbele ya kushika kifaa chochote tulimwomba mwalimu wa fizike atueleze mafuta yanafanya nini mule ndani. Alitupigia hesabu ubaoni. Motere ikizunguka mara 3000 kwa dakika, ni mara 50 kwa sekunde moja. Kila pistoni inapanda na kushuka mara 50 mbele ya wewe kumaliza kusema "jambo". Vyuma hivi vimesuguliwa mpaka vinang'aa, lakini ukivitazama kwa kioo cha kukuzia vina milima na mabonde. Vikigusana vikavu, milima inakamatana, inakatika, chuma kinapata moto, na mwisho kinashikamana na chuma kingine. Ndipo tunasikia watu wakisema motere "imekamata". Mafuta yanaingia katikati ya vyuma hivyo kama utando mwembamba kuliko unywele, na chuma kinateleza juu ya mafuta, hakigusi chuma kingine.

Hiyo ni kazi ya kwanza. Mafuta yanabeba pia joto kutoka mahali ambapo maji ya radiatere hayafiki, kwa mfano chini ya pistoni. Yanaziba nafasi ndogo kati ya pete za pistoni na silinda, ili nguvu ya mlipuko isitoroke. Yanazuia kutu. Na yanaosha. Masizi ya moto, unga wa chuma, vumbi lililopita kwenye filtiri ya hewa, vyote vinachukuliwa na mafuta, na filtiri ya mafuta inakamata vile vilivyo vikubwa. Vidogo vinabaki vikielea.

Kwa hiyo tusikilize vizuri jambo hili, maana wengi wanadanganyika: mafuta meusi si lazima yawe mabaya. Mafuta yaliyogeuka meusi yameosha. Katika motere ya mazuti yanakuwa meusi siku chache tu baada ya vidanji, na hakuna shida. Na mafuta yanayobaki meupe kwa muda mrefu hayakupi uhakika kwamba yangali na nguvu. Rangi inayopaswa kukutisha ni ile ya kahawa yenye maziwa. Hiyo inaonyesha kwamba maji yameingia ndani ya mafuta, mara nyingi kwa sababu ya jointi ya kulasi iliyoungua. Hapo usifanye vidanji ukazani umepona. Mwite mekanisie.

Kama rangi haisemi, nani atatuambia saa imefika? Kilometa. Kitabu cha motokari kinaandika hesabu yake, na kwa motokari za zamani zinazotumia mafuta ya kawaida, kilometa 5000 ni hesabu inayojulikana. Lakini vitabu hivyo vina ukurasa mwingine ambao watu hawausomi, unaohusu kazi ngumu: vumbi, mizigo mizito, safari fupi za kusimama na kuondoka. Wanasema kwa kazi kama hiyo upunguze kilometa. Sasa tazameni takisi ya Likasi. Inatoka Kikula inaenda mjini, inapita Panda, inarudi, inasimama kila mahali mtu anapoinua mkono. Na vumbi! Tangu mwezi wa 5 mpaka mvua za kwanza, tukifagia kalasi asubuhi, saa sita meza zimekuwa nyekundu tena. Makaminyo ya madini yanayopita kwenda na kutoka Kolwezi yanalipandisha hewani. Ndani ya vumbi hilo kuna punje za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Filtiri ya hewa inazuia karibu zote, lakini hakuna filtiri inayozuia yote, na filtiri ya hewa iliyopasuka haizuii kitu.

Tukapiga hesabu ya takisi ya papa. Ikitembea kilometa 100 kwa siku, kilometa 5000 zinatimia kwa siku 50. Yeye alikuwa akifanya vidanji "kila miezi mitatu", maana yake kilometa 9000 kama anafanya kazi kila siku, hata siku ya Mungu. Hakujua. Hata sisi tulistuka, tukarudia hesabu mara mbili. Mwenye motokari ya kwenda tu kazini na kanisani, asiyefikisha kilometa hizo, naye asingoje mwaka upite. Safari fupi hazipashi motere vizuri, na maji na esansi kidogo vinabaki katika mafuta na kuyaharibu polepole.

Ni mafuta gani? Juu ya bidoni mtaona herufi na hesabu kama 15W-40 au 20W-50. Ni kipimo cha uzito wa mafuta kinachowekwa na chama cha mainjinia wa motokari wa Marekani, SAE, walioanza kupanga vipimo hivyo mwaka 1911. Hesabu ya kwanza, yenye W, inaonyesha namna mafuta yanavyotiririka wakati wa baridi, na W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Hesabu ya pili inaonyesha uzito wake motere ikiwa moto. Kwetu Likasi asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 tunatetemeka, lakini si baridi ya theluji, na motere za zamani zinaenda vizuri na 15W-40 au 20W-50. Motokari za karibuni kutoka Japani nyingi zinaomba mafuta mepesi zaidi, kama 5W-30, maana nafasi kati ya vyuma vyake ni ndogo. Usimpe mtoto chakula cha mzee, wala mzee chakula cha mtoto. Soma kitabu, na kama kitabu ni cha Kijapani kitupu, kama kile cha papa, tazama mara nyingi imeandikwa juu ya kifuniko cha motere pale pa kumimina.

Kuna pia herufi API. Zikifuatwa na S, mafuta ni ya motere ya esansi. Zikifuatwa na C, ni ya mazuti. Mafuta mengine yana zote mbili.

Halafu kuna mafuta ya kupimwa kwa kopo kando ya barabara. Hatuwezi kuhukumu kila mama na kila kijana anayeuza, wanatafuta chakula kama sisi wote. Lakini kopo halina herufi wala hesabu, na mafuta ya zamani yaliyochujwa kwa kitambaa yanaweza kupendeza macho. Hata bidoni yenye jina kubwa, kama pete ya kifuniko imekatika mbele hujaifungua wewe, iache. Na ukimaliza bidoni yako, toboa chini au ikate kabisa, isije ikajazwa tena na kumdanganya mwingine.

Basi, siku ya posho ikafika. Motokari yenyewe ni Toyota Corolla ya zamani, usukani kuume, moja ya zile zilizotoka Japani zikashukia bandari ya Dar es Salaam na kufika kwetu kwa njia ya Zambia na Kasumbalesa. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: ufunguo wa 14 kwa bushoni ya chini, beseni pana, vitambaa, filtiri mpya, mafuta lita 4, chupa ya maji tuliyoikata kitako ili itumike kumiminia, na kipete kipya cha shaba cha kuweka kwenye bushoni. Kipete hiki tulikitafuta kwenye maduka matatu. Mji unaoishi kwa shaba tangu siku za wababu, kufika Shituru wanapika shaba usiku na mchana, na sisi tunatembea saa nzima kutafuta kipande cha shaba kidogo kama makuta! Tulicheka sana njiani.

Jambo la kwanza papa alilotufundisha halihusu mafuta. Alisema mtu asiingie kamwe chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Kriki imetengenezwa kwa kubadilisha mpira, nawe unakaa pembeni. Inaweza kuteleza, na Corolla ina uzito wa karibu tani moja. Wala msiweke matofali. Tofali la kuchomwa linaonekana gumu, kisha linapasuka bila kusema. Sisi tulifanya namna rahisi: kuna mfereji wa zamani wa maji katika lupango, mkavu wakati huu, na papa aliendesha motokari polepole mpaka magurudumu yakawa upande huu na upande huu wa mfereji. Akavuta breki ya mkono, akatia vitesi ya kwanza, tukaweka mbao nene mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu aliingia mfereji akalala kwa amani.

Motere iwe na joto kidogo. Papa alizunguka dakika kumi mtaani, akazima, tukangoja kidogo tena. Mafuta ya baridi ni mazito na yanaacha uchafu chini ya karteri. Mafuta ya moto sana yataunguza mkono. Tukafungua kwanza kifuniko cha juu pa kumiminia, ili hewa iingie na mafuta yashuke vizuri. Kisha mwenzetu wa chini akafungua bushoni kwa ufunguo, akimalizia kwa vidole huku akiisukuma juu, na mwisho akaivuta pembeni kwa mara moja. Mafuta yakaruka mbali kuliko tulivyozani. Beseni iwekwe mbele kidogo, si chini kabisa ya tundu, sababu mwanzoni yanatoka kwa nguvu na kisha yanakaribia.

Yalikuwa meusi kama usiku na membamba kama maji. Papa aliyashika kati ya vidole viwili, akanyamaza.

Tuliacha yatone robo saa nzima. Msiwe na haraka hapo. Kisha tukapangusa bushoni, tukaweka kipete kipya, tukairudisha kwa vidole kwanza. Tunasema kwa vidole! Ikikataa kuzunguka kwa vidole, imeingia upande. Itoe, anza tena. Mtu anayekimbilia ufunguo anakata meno ya karteri, na karteri si kitu cha kununua kwa feza ya mkate. Ikishafika mwisho, ifunge kwa ufunguo kwa nguvu ya mkono mmoja tu. Kuna watu wanaotia bomba kwenye ufunguo ili uwe mrefu. Hao ndio wanaowapa mekanisie kazi.

Sasa tumefika kwenye kosa.

Filtiri ya Corolla ni kama kopo dogo la chuma linalofungwa kwenye motere. Ya zamani ilikuwa ngumu kutoka, tukaizungusha kwa kitambaa na mikono miwili mpaka ikakubali. Tulifurahi sana ilipotoka, tukaiweka pembeni bila kuitazama. Tukachukua mpya, tukapaka mafuta mapya kwa kidole kwenye pete yake ya mpira, kama tulivyofundishwa, ili isijikunje. Tukaifunga kwa mkono mpaka mpira ukagusa, kisha robo tatu ya mzunguko. Yote kwa utaratibu. Tukamimina mafuta lita 3 na nusu. Tukatazama joji: sawa. Papa akaingia, akawasha.

Taa nyekundu yenye picha ya kibirika ilizimika, kama inavyotakiwa. Tukaanza kupiga makofi. Halafu tukasikia sauti kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Mmoja akapiga kelele: "Zima! Papa, zima!" Akazima. Haikufika sekunde kumi. Lakini beseni tulikuwa tumeiondoa, na mafuta mapya, yenye rangi nzuri ya asali, yalikuwa yanashuka kutoka pembeni ya filtiri, yanajaza mfereji, na mfereji ule unaelekea upande wa kisima.

Hakuna aliyesema kitu. Papa alishuka, akasimama na mikono juu ya kichwa. Sisi tulizani filtiri mpya imepasuka, tayari tumeanza kumsema muuzaji. Ni dada mmoja wa kundi letu aliyeinua ile filtiri ya zamani, akaigeuza, akauliza polepole: "Ile mpira yake iko wapi?"

Haikuwapo. Pete ya mpira ya filtiri ya zamani ilikuwa imekauka na kushikamana na motere, nyeusi juu ya chuma cheusi, na sisi tumefunga filtiri mpya juu yake. Mpira juu ya mpira. Kwa mkono unajisikia umekaza vizuri, na motere ikiwa imezimwa hakuna tone. Lakini pompi ya mafuta ikianza kusukuma, mipira miwili inateleza, mmoja unatoka mahali pake, na mafuta yote yanapata njia. Kama papa angekuwa ameondoka nayo mpaka kituo cha takisi, mafuta yangekwisha njiani, na mbele ya kufika mjini motere ingekuwa imekamata. Tuliongea baadaye na mekanisie mmoja mzee. Alitucheka, kisha akakubali kwamba yeye pia ilimpata alipokuwa kijana, na motokari haikuwa yake. Alisema ndiyo sababu fundi akitoa filtiri anafanya vitu viwili bila kufikiri: anatazama mpira wa ile ya zamani kama umetoka nayo, na anapitisha kidole kwa mzunguko pale juu ya motere. Sekunde tatu.

Tuliubandua mpira ule kwa ukucha. Tukapangusa, tukapaka mafuta tena mpira wa ile mpya, tukafunga. Yalikuwa yamepotea kama lita mbili. Tulichanga feza zetu, papa akaongeza, mmoja akakimbia dukani kununua bidoni nyingine ya aina ileile. Alipowasha mara ya pili, mmoja wetu alikuwa amelala mfereji na taa ya mkono, na beseni chini ya filtiri. Taa nyekundu ikazimika. Dakika mbili, tatu. Hakuna tone. Tukazima, tukangoja dakika tano mafuta yashuke, tukavuta joji, tukaipangusa, tukaiingiza tena na kuivuta. Lazima ipanguswe kwanza, maana mara ya kwanza inadanganya. Kwenye joji kuna alama mbili, ya chini na ya juu. Kwa motokari ndogo, kutoka alama moja hadi nyingine ni karibu lita moja. Tulifika chini kidogo ya alama ya juu, tukaacha hapo. Wengine wanapenda kupitisha "ili yadumu". Wanakosa. Yakizidi, vilbrekeni inayapiga kama mwiko unavyopiga mayai, yanajaa povu, na povu halibebi chuma. Vilevile yanaweza kusukuma jointi zikaanza kuvuja.

Msichukue lita zetu kama sheria kwa kila motokari. Corolla yetu inaomba lita 3 na nusu hivi. Land Cruiser kubwa ya mazuti inaweza kuomba karibu lita 10.

Tumeandika kilometa na tarehe juu ya karatasi, tukaibandika ndani ya mlango wa dereva. Na papa amekubali kutazama joji kila siku ya posho asubuhi, motere ikiwa baridi na motokari ikiwa mahali pa sawasawa.

Lakini mama mwenye nyumba alikuwa bado hajamaliza na sisi. Alikuwa ametazama yote kutoka jikoni. Mmoja wetu, hatutamtaja, alibeba beseni la mafuta ya zamani akaelekea nyuma ya choo, kama tunavyoona watu wengi wanafanya. Mama akamwita: "We, kuya hapa. Kama unataka kumwanga ile mafuta pale, mwanga kwanza mu nyungu ya bukari yenu." Hatukuelewa. Akatuonyesha kisima kwa kidole. Hatua kama kumi na tano. Maji ya bomba yakikatika, na yanakatika, jirani sita wanachota hapo.

Mama alisema kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda mazingira inasema kwamba mafuta ya vidanji moja yanaweza kuharibu galoni milioni moja ya maji safi, karibu lita milioni 4. Mafuta hayaozi upesi. Yanashuka na mvua polepole mpaka kufika maji ya chini. Na yale ya zamani si mafuta tu: yanabeba unga wa chuma na sumu zilizotokana na kuungua kwa esansi au mazuti. Hata kwa ngozi si mazuri. Mtu anayeyashika miaka na miaka bila kunawa anaweza kupata kansa ya ngozi, na mabwana wa garaji wanaonawia mikono katika esansi wanaongeza ubaya. Sabuni na maji, au kwanza mafuta kidogo ya kupikia na sukari ya kusugulia, kisha sabuni. Hiyo tulijaribu, inafaa. Wala vitambaa vyenye mafuta visikae katika mfuko wa suruali siku nzima.

Basi tulimimina mafuta ya zamani katika bidoni zile tupu, tukafunga. Filtiri ya zamani tuliigeuza kichwa chini juu ya beseni mpaka siku iliyofuata. Ilitoa mafuta zaidi ya glasi moja. Yanatumika kwa nini? Hapa kwetu watu wanapaka chini ya nguzo na mbao za paa ili mchwa wasile, na kila mtu anajua mchwa wa Katanga, wanaojenga vilima virefu kuliko nyumba. Kwa nguzo za uzio mbali na kisima tunaona si vibaya. Kwa mbao za kitanda, za meza, za banda la kuku, hapana. Na kuyatia katika moto wa kuchoma matofali kunaleta moshi mbaya kwa wanaokaa karibu. Garaji moja karibu na soko inayakusanya katika pipa, wakayapokea bila neno.

Kulikuwa bado na yale mafuta mapya ya mferejini. Tuliyamwagia majivu na unga wa mbao kutoka kwa seremala jirani, tukaacha yanywe, tukakwangua na jembe, kisha tukakwangua tena udongo wa chini mpaka harufu ikaisha. Tuligusa karibu urefu wa mkono mmoja kwenda chini mahali pengine. Saa kumi na mbili jua lilikuwa linazama upande wa Panda na sisi tungali na jembe. Papa alikuwa amekwisha kuondoka na takisi kutafuta wateja wa jioni. Kila aliporudi kupita barabarani alipiga honi mara moja, na sisi tulijua maana yake: taa nyekundu bado haijawaka.

Udongo ule ulijaza magunia mawili. Wenye garaji walikubali mafuta, udongo wakaukataa. Magunia yako hata leo karibu na ukuta, juu ya kipande cha plastiki na bati juu yake, kwa sababu mvua zinakaribia. Mama anatuuliza kila tunapopita yataondoka lini. Kama kati yenu wasomaji kuna mtu anayejua mahali panapofaa, atuambie kalasini kwetu wakati wa mapumziko. Tutakuja kuyabeba wenyewe.